Chai Aliyoikataa Elda Hansen

Muthoki aliipua sufuria, akaichuja chai kwa kichungi chenye mpini uliofungwa waya, akajaza vikombe viwili mpaka pomoni. Kikombe kisichojaa ni dharau kwa mgeni, na hawa walikuwa wageni wa mbali. Ilikuwa asubuhi, mapema mwezi wa Desemba, mwaka wa 1991, kule Matinyani, na jua lilikuwa limeshaanza kazi yake. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha siku mbili tu, kisha ikaonekana kukumbuka shughuli nyingine mahali pengine.

Elda Hansen alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti karibu yaguse masikio. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mkulima wa viazi huko Idaho, Marekani, na alikuwa mmisionari wa Wamormoni, ambao huwaita vijana hao Elda, yaani mzee: shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani, na baiskeli iliyoegemezwa nje kwenye ua wa mnyaa. Alikitazama kikombe, akasema sentensi aliyokuwa akiifanyia mazoezi tangu Kitui mjini.

"Asante sana, mama, lakini sisi hatunywi chai. Tumeagizwa hivyo na Mungu."

Muthoki alidhani mgeni hajaona vizuri. Akamsogezea kikombe.

"Iko na maziwa," alisema.

Hansen alisema ni kweli, anaona kwamba ina maziwa.

"Na sukari nimetia."

Hansen alishukuru kwa sukari pia. Muthoki akamgeukia Elda Kinuthia, mwenzake, maana wamisionari hao hawatembei mmoja mmoja. "Huyu ni mgonjwa?" aliuliza kwa sauti ya huruma. Kinuthia alikuwa Mkikuyu wa Limuru, nyumbani kwao ni majani chai mpaka mlangoni, na karo yake yote ya shule ilitoka kwenye majani hayo. Alisema Hansen ni mzima, na kwamba yeye mwenyewe pia hanywi. Alisema hivyo akitazama kalenda ukutani.

Walifundisha somo lao, wakaomba, wakaondoka. Vikombe vilibaki mezani. Adhuhuri kile cha Kinuthia kilikuwa kimeshika utando na nzi wawili. Kile cha Hansen kilikuwa kinatoa moshi. Jioni kilikuwa bado kinatoa moshi. Muthoki akakifunika kwa kisahani, na asubuhi alipokifunua, mvuke ulimpiga usoni ukiwa na harufu ya tangawizi. Hakuona kwamba ni jambo la kumkimbilia mtu. Alimtajia jirani yake Mutindi kwa sababu Mutindi alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Basi ikajulikana. Kila nyumba ambako Hansen alikataa chai, chai ile haikupoa tena. Wala haikuweza kunywewa na mwingine. Chai iliyomiminwa kwa ajili ya mgeni ni ya mgeni. Vikombe vya Kinuthia vilipoa kama chai nyingine yoyote, na jambo hilo lilimtesa sana, kwa sababu maana yake kila mtu aliielewa: Hansen alikataa kwa moyo wote, na Kinuthia alikataa kwa mdomo. Alifunga kula, akaomba, akajaribu kukataa kwa sauti kubwa zaidi. Vilipoa.

Watu hawakuacha mali ipotee. Mutindi, ambaye kuku wake alikuwa ameliwa na nguchiro akiwa katikati ya kuatamia, alikitia kikombe cha Hansen kwenye kikapu cha mayai, na mayai yakaanguliwa yote. Mwalimu mmoja mstaafu alipiga pasi kola zake kwa kikombe. Hansen alipopita njiani na baiskeli yake, wanawake walimwita kutoka shambani.

"Elda! Si upitie kwangu ukatae kidogo!"

Alipita. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hakujua namna ya kukataa kualikwa kukataa.

Jambo la pili lilichukua muda kidogo kuonekana. Mtu akiinamia kikombe kama hicho, hakuona uso wake. Aliona mahali maji ya chai ile yalipotoka. Katika kikombe cha Muthoki ulionekana mto wa mchanga ulio bondeni, na kisima chake alichokichimba humo kwa mikono, kimezungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie, na yeye mwenyewe amepiga magoti akichota kwa kata, taratibu, akingoja maji yajikusanye tena. Kila mwanamke wa Matinyani ana kisima chake mchangani wakati wa ukame, na kuchota kwenye cha mwenzako bila kuomba ni aibu kubwa.

Katika kikombe cha Mutindi, kilichokuwa kati ya vifaranga, kilionekana kisima cha Muthoki, miiba imesogezwa kando, na mtungi wa manjano wa Mutindi.

Mutindi alikitazama. Kisha akajifunga leso, akatia unga wa mahindi kwenye bakuli, akaenda kwa Muthoki kuomba radhi. Muthoki aliupokea unga, wakazungumza habari za kuku. Wiki hiyo vijia vya Matinyani vilijaa wanawake waliokuwa wakipelekeana unga. Walipokutana njiani walisalimiana na kuulizana ni nani amechota kwa nani, wakacheka, wakaendelea na safari. Hansen alifurahi moyoni, akaamini kwamba Injili inafanya kazi.

Muthoki alisikiliza masomo yote. Alikuwa mjane, mtu wa maswali, na hakuitikia kitu asichokielewa. Siku moja alijimiminia kikombe chake mwenyewe, akakiweka mbele yake, akakitazama kwa muda. Chai ya Muthoki ilisifika mpaka Kitui mjini. Harusi haikufanyika upande ule bila yeye kuitwa jikoni. Akakikataa kwa Kikamba, kwa maneno machache, machozi yakimtoka. Kikombe kilibaki moto siku ile, na siku iliyofuata. Kinuthia alipoguswa mkono akaonyeshwa, alikigusa, akatoka nje akaenda kusimama karibu na baiskeli.

"Sasa mnibatize," Muthoki alisema. "Na iwe Krismasi. Mwanangu Ndolo huja Krismasi peke yake, halafu anarudi Mombasa. Nataka anione nikiingia maji."

Hansen naye hakuwa na muda. Mwaka mpya ukiingia angehamishiwa Tawa, upande wa Makueni, na alitaka jambo hili moja kuliko alivyowahi kutaka chochote. Katika miezi yake yote nchini alikuwa hajabatiza mtu hata mmoja. Akikumbuka, alihisi kama mtu aliyetumwa dukani na kurudi mikono mitupu.

Shida ilikuwa maji. Kwa Wamormoni hakuna kunyunyiza. Mtu huzamishwa mzima, pakiwa na mashahidi wawili wanaoangalia, na ikiwa hata kidole cha mguu kimebaki juu, inarudiwa. Kwao Idaho, Hansen alibatizwa ndani ya hodhi la vigae lenye maji ya uvuguvugu. Matinyani bwawa lilikuwa limekauka na kupasuka vipande, na mbwa walikuwa wanalala katikati yake.

Aliyekuwa na tanki ni Mulei, mwenyekiti wa mradi wa maji.

Mradi wenyewe una historia fupi. Wanawake walichimba mtaro kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, msimu mzima, kutoka bwawa kubwa la ng'ambo ya mlima, mbali mno kwa miguu, ambalo huwa halikauki, mpaka sokoni Matinyani. Bomba likalazwa. Maji hayakufika sokoni. Mulei aliwaeleza kwenye mkutano kwamba bomba lilichoka njiani, wakapiga makofi kwa sababu alikuwa amewapikia pilau. Hakuwa mtu mbaya. Gari lake ndilo lililopeleka wagonjwa hospitalini, na kwenye matanga alilia kuliko wafiwa.

Walimwendea siku moja kabla ya Krismasi: Hansen, Kinuthia, Muthoki, Mutindi, na Ndolo aliyekuwa ameshuka asubuhi hiyo kutoka Mombasa na mikate, redio, na miwani ya jua. Mulei aliwapokea sebuleni chini ya maputo ya rangi, akawauliza habari za mbuzi. Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya maji yakidondoka ndani ya maji.

"Tanki ni kavu," alisema. "Kavu kabisa. Lakini kanisa siwezi nyima. Naweza angalia kama kuna kidogo imebaki chini." Kisha akamletea Hansen chai kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kikombe cha maua. "Kwanza ukunywe, tuongee kama watu."

"Samahani, mwenyekiti. Mimi sinywi chai."

"Hiyo nimesikia. Watu wanaangua kuku nayo." Mulei aliketi, akaweka mikono tumboni. "Lakini mimi kwangu hakuna mtu amewahi kataa chai. Hata wakubwa wa serikali wamekunywa hapa, wakaomba ingine. Sikia, kijana. Maliza hiyo kikombe tu, moja, na mimi nafungua maji saa hii. Huyu mama abatizwe mpaka achoke."

 Hansen alikishika kikombe. Alimfikiria mama yake, na ahadi aliyoiweka mbele ya watu wa kwao siku ya kuondoka. Kisha akamfikiria Muthoki. Ni kikombe kimoja. Mungu aliyeumba Matinyani bila shaka anajua mambo ya Matinyani. Na alipokuwa akifikiri hivyo, mvuke wa kikombe ulianza kushuka. Watu wote waliuona ukishuka. Chai ilikuwa vuguvugu mkononi mwake, halafu ikaanza kushika utando.

Alimtazama Kinuthia.

"Usiniangalie mimi," Kinuthia alisema. "Zangu hupoa zote."

"Elda," Muthoki aliita. Hakupaza sauti. "Weka hiyo kikombe chini."

"Mama, ni kwa ajili yako."

"Najua ni ya nani. Mimi nimekunywa chai tangu niote meno. Nikaiacha kwa sababu ya maneno yako. Sasa wewe uikunywe ndio mimi niingie maji? Nitakuwa nimeingia wapi?"

Hansen aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Akakiweka kikombe mezani. Mvuke ulipanda ghafla, ukagonga puto moja, likapasuka.

Wote waliinamia kikombe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi siku hizo. Waliona bwawa la ng'ambo. Wakaona bomba likifuata mtaro waliouchimba, likipita mlima, likishuka, likifika kwenye ua wa Mulei, na hapo likipinda. Wakaona tanki la mawe, limejaa mpaka mdomoni, maji yakimwagikia mipapai, na chura akiogelea kwa raha zake.

Mulei naye aliinama, akatazama kwa makini.

"Huyu chura nimemtafuta sana," alisema. "Kumbe ako ndani."

"Hiyo plasta imekaa vizuri," alisema Ndolo, akivua miwani ya jua. "Nani alikufanyia?"

Mulei alimtaja fundi, akaeleza na saruji aliyotumia. Halafu akakifunika kikombe kwa kitambaa cha kufuma, akasema inamuuma moyo, lakini tanki ni kavu. Wakamshukuru kwa kuwakaribisha. Wakamtakia Krismasi njema, na yeye akawatakia, akampa Mutindi papai moja kubwa. Kikombe kile alibaki nacho, na tangu hapo aliangalia maji yamefika wapi bila kuondoka kitini.

Njiani Hansen alisukuma baiskeli kwa hasira mpaka mnyororo ukatoka.

"Lakini mmeona!" alisema. "Ninyi nyote mmeona!"

"Tumeona," alijibu Mutindi, papai begani. "Huo mtaro si ni sisi tulichimba? Ulifikiri hatujui ulienda wapi?"

Hansen alipiga magoti, akaupigania mnyororo, ukamshinda. Kinuthia aliinama akamrudishia mnyororo.

"Tutachimba," Muthoki alisema.

Siku ya Krismasi, makanisa yalipotoka, mwethya ulishuka mtoni na majembe na mitungi. Wengi wao hawakuwa Wamormoni na hawakuwa na nia hiyo. Walikuwa wa makanisa yao, na walikuja na nguo zao za Krismasi wamezipandisha kiunoni. Muthoki alikuwa amewapikia kwenye harusi za watoto wao, na hilo lilitosha. Walichimba kisima kirefu, urefu wa mtu aliyelala, wakaimba, wakabishana kuhusu upana. Maji yalianza kutoka mchangani polepole, ya rangi ya chai nyepesi, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakafika katikati ya muundi wa mguu, yakasimama hapo.

Hansen aliingia amevaa nguo nyeupe. Muthoki aliingia na gauni lililoshonwa kutokana na shuka, nalo likanywa sehemu ya maji. Juu ya ukingo walisimama mashahidi, Kinuthia upande wa kichwa, na upande wa miguu Ndugu Musyoka, fundi baiskeli wa Kitui mjini, Mmormoni wa siku nyingi na mtu asiyejua kupindisha neno. Hansen alisema maneno ya ubatizo, akamlaza Muthoki nyuma.

"Goti," alisema Musyoka.

Wakarudia. Muthoki alikunja magoti.

"Kiwiko."

Wakarudia. Mchanga ulikuwa unayanywa maji, na kila mara yalikuwa machache kuliko mara iliyotangulia.

"Tumbo," alisema Musyoka, kwa masikitiko. "Samahani, Sista."

Ndolo alikuwa amesimama na redio iliyozimwa, akimwangalia mama yake akiwa amelala kwenye matope, mchanga kwenye nywele, akingoja. Hakucheka mtu. Hansen alikuwa amemshika mgongoni. Aliona kwamba haitawezekana, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia mama huyu kuwa itawezekana.

Ndipo Mutindi alipofungua mtungi wake wa manjano. Yalikuwa maji yake ya Krismasi, ya chapati na ya mchele, aliyoyachota tangu alfajiri. Akayamimina kisimani, yote, akaupiga mtungi chini ili tone la mwisho litoke. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akamimina yake. Halafu mwingine. Walishuka mmoja mmoja wakamimina, kimya, kama watu wanaotia mchanga kaburini, isipokuwa walikuwa wamevaa vizuri zaidi. Maji yakapanda yakamfika Hansen magotini.

Alisema maneno yale tena, akamlaza.

Muthoki akaenda chini. Maji yakafunga juu ya uso wake, juu ya tumbo, juu ya magoti na vidole vya miguu, na kwa muda mfupi hapakuwa na mtu pale, palikuwa na maji tu, na Hansen ameinama akiwa ameshika kitu asichokiona.

"Ameingia yote," alisema Musyoka.

Muthoki aliinuka akikohoa na kucheka. Hansen alilia waziwazi, kamasi na yote, na hakujali. Wanawake wakapiga vigelegele vilivyowafukuza njiwa ng'ambo ya mto, na Ndolo akawasha redio bila kujua ameiwasha.

Kisha wakachukua kata na vikombe, wakaanza kuyachota maji yao. Kila mmoja alijaza mtungi wake kwa zamu, wa kwanza kumimina akawa wa kwanza kuchota, na hapakuwa na ugomvi hata kidogo. Maji yalikuwa na mchanga na nyuzi za shuka, lakini nyumbani watoto walikuwa wanangoja chakula, na mchanga hutulia chini ukiuacha. Kutoka juu kwenye mwinuko, upepo ulileta sauti ya tanki la Mulei likimwagika kwenye mipapai.

Hansen alikaa ukingoni, maji yakimchuruzika, akaisikiliza.

"Mama," alisema, "kamati ya maji inachaguliwa lini?"

"Januari."

"Mtamchagua nani?"

Muthoki alikuwa anapachika mkanda wa mtungi kwenye paji la uso. Alimtazama kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini jua halianguki.

"Si ni Mulei," alisema. "Uchaguzi ni watu wengi, Elda, na watu lazima wapikiwe. Sasa hapa kwetu, nani mwingine ako na maji ya kupikia watu wote hao?"

Akamwomba amsukumie mtungi juu kidogo mgongoni, ukae vizuri. Hansen akausukuma.